Gego la Chausiku

Chausiku, fundi cherehani, aliingia ofisi ya bima shavu limevimba, siku ya tatu hajatafuna kitu. Akaomba walipie kung'olewa gego lake la nyuma kabisa.

"Jino hilo ulikuja nalo, mama," alifoka meneja Shayo, foleni nzima ikisikia. "Maradhi ya kabla ya kujiunga hatulipii!"

"Sawa, baba. Yule daktari wenu aliyenipima siku ya kujiunga, huwa anakosea?"

"Hajakosea hata siku moja!"

"Na alichoandika kwenye fomu?"

"Hakipingwi!"

Chausiku akatoa fomu yake mkobani. Ilikuwa na mhuri wa daktari: meno ishirini na manane. Kisha akaachama.

"Haya, hesabu."

Foleni ilimsaidia Shayo kuhesabu kwa sauti. Walipofika ishirini na tisa, Shayo akaomba kalamu asaini malipo.