Gogo, Mwambie Huyo wa Juu

"Elfu sitini hizi utalipa wewe. Anayeuona mstari ni aliye juu. Mimi huku chini naona nyayo zako tu."

"Na msumeno aliuvuta nani upande? Upepo?"

Ndivyo walivyokuwa wakijibizana wapasua mbao wawili, asubuhi, hata chai haijapoa. Asiyeijua kazi hiyo nimweleze. Gogo linapandishwa juu ya jukwaa la miti, chini yake kuna shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na katikati yao upo msumeno mmoja mrefu, una mkono huku na mkono kule. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi wenye weusi wa betri. Wa chini anavuta, na unga wote wa mbao unamwangukia yeye.

Sasa gogo lile lilikuwa la mkangazi, mti wa mbao ghali, mali ya mama mmoja mfanyabiashara. Wakalipasua ovyo, kila ubao mnene huku, mwembamba kule. Mama akapima, akasema hasara yake ni elfu sitini, atazikata mwisho wa mwezi. Nani akatwe ngapi, hakusema. Basi hapo ndipo moto ulipoanzia.

Na walikuwa wanapendana, msidhani. Miaka tisa pamoja. Kila jioni wa chini alipotoka shimoni macho mekundu, wa juu alimshika kidevu, akampuliza jicho, akamtoa unga kwa ncha ya shati lake. Mke wa yule wa chini alikuwa akiwaambia majirani kwamba ana mke mwenza, tena mwenye ndevu.

Baada ya ugomvi ule, wa chini akawa anakwenda kuosha macho mtoni peke yake.

Kazi hawakuiacha, maana msumeno ule haumtii mtu mmoja. Lakini nayo haifanyiki kimya. Lazima mtu aseme vuta, mtu aseme ngoja, kabari imelegea. Watafanyaje, na wamenuniana? Wakapata akili. Wa chini akainua uso akasema, "Gogo, mwambie huyo wa juu kabari imelegea."

Wa juu akagonga kabari, kisha akainama akasema na gogo, "Mwambie huyo wa chini, mwenye masikio alishasikia."

Mnacheka. Wiki tatu, ndugu zangu! Watu wazima wenye wajukuu, wakitumana na mti.

Siku za kwanza gogo lilibeba habari za kazi tu. Kufika siku ya nne likaanza kubeba na vijembe. Gogo, mwambie huyo wa juu mbao hazipasuliwi kwa kitambi. Gogo, mwambie huyo wa chini avute, asining'inie kama popo. Wa juu akajifunza kuziba masikio. Likisemwa jambo kwa gogo, yeye anatazama mawingu.

Ikafika siku wa chini akaona mguu mmoja wa jukwaa umepata ufa, na ufa unapanda. Mwenzake amesimama juu yake, hajui lolote. Nawauliza, hapo mtu anafanya nini? Si anamwita mwenziwe kwa jina? Jina alilijua. Miaka tisa ameliita. Lakini kulitamka jina ni kushindwa, au sivyo? Basi akasema, tena kwa sauti ya chini, "Gogo, mwambie huyo wa juu mguu wa jukwaa unaachia."

Wa juu akaona hizi ni hila za mtu anayetaka kupumzika. Akatazama mawingu. Akasukuma msumeno.

Jukwaa likaanguka. Wa chini aliruka nje ya shimo, na gogo likatua palepale alipokuwa amesimama. Wa juu akaangukia lundo la unga wa mbao, kifundo cha mkono kimeteguka. Wakakaa hapo wote wawili, weupe kama waliotoka mashine ya kusaga.

Wa chini akasema, "Nilikwambia."

Wa juu akasema, "Hukuniambia mimi. Uliliambia gogo."

Kishindo kikamleta mama mwenye mbao mbio. Alipowaona wazima akamshukuru Mungu, kisha akapata nafasi ya kukasirika. Akawauliza wamepatwa na nini siku hizi. Wa chini akajibu kwamba ni zile elfu sitini, bado hawajakubaliana.

Mama akashangaa. "Elfu sitini zipi? Zile nilizifuta Jumamosi ya wiki ileile. Nilipata fundi wa vitanda vya watoto, akazichukua mbao zote, akazikata fupifupi. Nilimwambia huyu wa juu, nikamtuma, mwambie na mwenzako."



Mnisikilize hapa. Kwa wiki tatu yule wa chini alikuwa hali cha mchana, anasema tumbo linamsumbua. Alikuwa amemuuza kuku wa mayai wa mkewe. Fungu lake la lile deni alikuwa akiliweka kidogo kidogo ndani ya soksi.

Akamgeukia mwenzake. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Wiki tatu."

"Nilingoja uanze wewe. Ungenisalimia tu, ningekwambia."

Wa chini alimtazama mtu yule, ameshika kifundo chake, unga umemjaa hata nyusi. Akataka kutukana, akashindwa, akaanza kucheka mpaka machozi yakachora mistari usoni. Yule wa juu akajisogeza kwa magoti, akamshika kidevu kwa mkono mzima, akampuliza jicho. Wa chini akamwacha amalize. Kisha akasema, "Haya. Nataka kuku wangu."

Sasa sisi.

Gogo lako ni nani? Mwingine gogo lake ni bosi: mwenzake amekosea asubuhi, saa nne bosi anajua, mwenyewe hajaambiwa. Mwingine gogo lake ni lile kundi la simu, anaandika, "Kuna watu humu ndani." Watu gani? Mtaje! Mwingine anakwenda kumwambia mkewe, na mke hata ofisini hakujui. Na wengine, samahani nitalisema hivihivi, gogo lenu ni Mungu. Unasimama hapa kuomba kwa sauti, "Bwana, waguse wenye viburi pale kazini," na huyo mwenye kiburi amekaa benchi la tatu.

Mimi mnanijua, sichelewi kuwaka. Nimewahi kumnunia mzee wa kanisa hili miezi miwili kwa ajili ya funguo za stoo, na funguo zilikuwa kwenye koti langu. Kwa hiyo siwaambii msikasirike. Kasirika, halafu mfuate. Muite jina lake. Mwambie jambo moja lililokuudhi, la leo, usimletee na ya mwaka juzi. Ukimaliza, nyamaza, na yeye aseme lake. Hakuna chuo cha kulisomea hili. Ni miguu yako na mdomo wako.

Kwa maana wale wawili kila mmoja alikaa na kitu cha mwenziwe kinywani. Mmoja alikaa na habari kwamba deni limefutwa. Mwingine alikaa na habari kwamba jukwaa linaanguka. Nao wakangojana nani ataanza, mmoja akiwa na njaa na mwingine amesimama juu ya ufa.

Kuna mtu unafanya naye kazi, na sasa hivi ninavyosema uso wake umekujia. Una neno lake. Usimtume mtu, usiliambie gogo. Kesho saa moja, kabla hujagusa kazi, mpe neno lake.