Gari Lililonguruma Bila Kwenda

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na gari kuukuu na mtoto mmoja wa kiume. Gari alilipenda waziwazi. Alilifuta vumbi kila asubuhi, akalisifu mbele ya wageni, akawafukuza kuku waliopenda kulala juu ya boneti. Mtoto naye alimpenda, lakini mapenzi hayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Jina la mtu huyo lilikuwa Zefania, fundi seremala, na mikono yake ilijua kuunganisha mbao mbili hata usione zilipokutana. Mdomo wake haukujua kazi hiyo.

Mtoto aliitwa Yoramu. Alipomaliza shule, baba yake alimwekea meza ya kazi karibu na ya kwake, akamchongea mpini wa randa unaoenea mkono wake. Yoramu akasema anataka kusomea uuguzi. Zefania aliumia sana, na kwa kuwa hakujua kusema kwamba ameumia, akasema kwamba anayekataa randa ya baba yake asinyooshe mkono kwenye sahani yake. Kijana akajibu kwamba sahani ziko nyingi duniani. Neno moja la mzee na neno moja la kijana, basi, yakalala mlangoni kama gogo ambalo kila mmoja anamngoja mwenzake aliondoe. Yoramu akaenda kusoma, akapata kazi kwenye zahanati moja upande wa pili wa Same, na miaka ikapita bila baba na mwana kusemezana.

Hata hivyo habari zilikwenda na kurudi, kwa sababu alikuwapo Mama Yoramu. Ndivyo Zefania alivyomwita mkewe, kama ilivyo desturi yetu, naye mkewe alimwita Baba Yoramu, hata jina la kijana likawa linatajwa nyumbani mule kutwa kucha na mwenyewe haitwi. Mzee akiwa na neno kwa mwanawe alimtupia mkewe jikoni: mwambie mtoto wako hivi na hivi. Mama alilichukua likiwa la moto, akalipooza, akaliondoa miiba, ndipo akapiga simu. La kijana nalo likija na chumvi nyingi, aliliongezea maji kabla ya kulipakua mbele ya mzee. Kazi hiyo haikuonekana na mtu. Zefania alijiona baba mwenye msimamo, Yoramu alijiona kijana mwenye subira, na kila mmoja alidhani ni kwa wema wake mwenyewe kwamba familia bado inakwenda.

Sasa lile gari lilikuwa la otomatiki, gari ambalo dereva habadilishi gia, giaboksi hujibadilishia yenyewe. Nanyi mnajua giaboksi inakaa wapi. Iko kati ya injini na magurudumu. Inapokea nguvu ya injini, inaipima, inaipeleka chini kwa kadiri ya njia, mlimani kwa taratibu na tambarare kwa wepesi. Zefania alijifunza udereva kwenye pikapu ya kubebea mbao, na tabia zote za pikapu akazihamishia huku. Kila alipoteremka kwenda Mwanga alitoa gia akaliachia gari frii, likaporomoka lenyewe, naye akicheka kwamba mteremko ni petroli ya Mungu. Akifika chini, gari likiwa bado mbioni, alilirudisha kwenye gia ghafla. Likishtuka, alisema limeamka.

Gari hilo lilikuwa na vijiti viwili vya kupimia oili. Cha injini Zefania alikichomoa kila Jumamosi, akakipangusa na kukitazama kwa furaha. Cha giaboksi hakuwahi kukigusa, kwa sababu aliyemuuzia alimwambia oili ya humo haiishi wala haichoki. Maneno ya namna hiyo mtu huyaamini upesi, maana yanampunguzia kazi.

Dalili zilikuwepo. Asubuhi akiweka gia, gari lilisita kwanza, kama mtu anayengoja aitwe mara ya pili. Mlimani lilitetemeka. Mama Yoramu, akifagia uwanja, aliona doa la mafuta kwenye udongo, akamwambia mumewe kwamba gari linavuja. Zefania akafungua boneti, akachomoa kijiti cha injini, akakuta oili imejaa, akamwonyesha. Mkewe alimwambia pia, siku hiyohiyo, kwamba siku hizi anaamka akiwa tayari amechoka. Zefania akamwambia apumzike, na kabla hajakaa vizuri akamtuma kwa Yoramu neno jingine. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwahubiria wateja wenye milango mibovu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusimcheke. Kila mmoja wetu ana kijiti kimoja anachokipenda kukitazama.

Mwaka huo Yoramu akapata mchumba kule kazini, na siku ya kwenda kwa wakwe ikapangwa. Kijana haendi kwa wakwe bila baba yake. Baba akiwa amekufa au mgonjwa husimama baba mdogo, wala hakuna anayeuliza. Lakini baba akiwa hai na mzima na asionekane, hilo huulizwa, na mwenye kuulizwa ni kijana. Yoramu akampigia mama yake simu akasema, "Mwambie baba, asipofika siku hiyo nitajua sina baba."

Mama Yoramu alilibeba neno hilo mpaka kwenye karakana, akasimama mbele ya mumewe, na kwa mara ya kwanza hakulipooza. Lilimtoka kinywani kama lilivyomwingia masikioni. Zefania akaduwaa. Hakujua kwamba mwanawe anaweza kusema maneno makali namna ile, kwani miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akisema lolote kali. Alikwenda kuliosha gari, akaliosha ndani na nje, akasugua mpaka matairi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na lilikuwa jibu la upendo mtupu, ila nani angeweza kulisikia kutoka upande wa pili wa Same?

Siku ikafika. Zefania alivaa koti lake la kanisani, mkewe akafunga khanga mpya, wakateremka mlima wao wakiwa frii kama kawaida. Wakakata tambarare ya mikonge katika jua kali, wakaanza kupanda mlima wa pili, ule wa kwa wakwe. Hawakuzungumza sana. Zefania alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mwanawe atakapomwona, na kila alilolipata aliliona dogo au kubwa mno. Katikati ya mlima injini ikapandisha sauti. Akakanyaga mafuta, sauti ikazidi, lakini mwendo ukapungua. Akakanyaga mpaka mwisho. Injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, na gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Akavuta breki. Mama Yoramu akashuka mbio, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Watu waliokuwa wakitoka shambani wakakusanyika, maana watu wa milimani hawampiti mtu aliyeharibikiwa. Wakaweka majembe chini wakaanza kulisukuma ili liwake. Zefania akawaambia limeshawaka. Wakasikiliza, wakaona kweli linanguruma, wakacheka, wakasukuma tena. Hawakuwahi kuona gari linalolia kwa nguvu namna hiyo bila kwenda popote. Dereva wa lori la tangawizi lililokuwa likiteremka akasimama, akanusa hewa, akafungua boneti na kuchomoa kile kijiti cha pili. Kilitoka na matone machache meusi yanayonuka kama sufuria iliyoungua.

"Giaboksi imekufa, mzee," akasema kwa upole. "Injini yako haina shida. Ingekuwa injini, tungejaribu."

Akawapa pole, akaendelea na safari yake, kwani alikuwa akienda kinyume na wao. Wale wa shambani nao wakatoa pole, wakachukua majembe yao. Zefania akabaki ameshika usukani wa gari ambalo halikuwa na safari. Saa ya wakwe ilikuwa imekaribia. Alijua maana yake. Alimwona mwanawe amesimama mbele ya watu wageni, anaulizwa baba yuko wapi, na moyo wake ukamuuma kiasi cha kutaka kulia. Alitaka kusema: mwambie anisubiri, mwambie hata kwa miguu nitafika. Lakini ulimi wake ulikuwa na njia moja tu uliyoizoea.

"Mpigie mtoto wako," akamwambia mkewe. "Mwambie gari limegoma. Waendelee na baba yake mdogo."

Mama Yoramu alikuwa amekaa kando ya barabara, miguu ameinyoosha mbele, vumbi limeijaa khanga mpya. Aliyasikia aliyoyasema mumewe, na kwa mazoea ya miaka mingi aliyasikia pia asiyoyasema. Angeweza kuyabadilisha. Alijua hata namna ya kuyaanza. Lakini alipojitafutia nguvu ya kufanya hivyo hakuikuta, kama mtu anayechota kisimani na ndoo ikagonga mawe. Akatoa simu, akaitafuta namba, akamnyooshea mumewe.

"Baba Yoramu, mimi nimechoka. Mwambie mwenyewe."

Zefania aliitazama simu kama chombo cha kazi ya watu wengine. Akaipokea. Ikaita, na kutoka upande wa pili ikaja sauti changamfu ambayo hakujua kuwa mwanawe anayo. "Shikamoo mama, mmefika wapi?"

"Ni mimi," akasema Zefania.

Kisha kijana akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kuvunjika: "Mama amefariki?"

Neno hilo lilimpiga mzee kuliko neno lolote aliloletewa miaka yote. Mwanawe hakuweza kuwaza sababu nyingine ya baba yake kumpigia simu isipokuwa kifo. Akamtazama mkewe pale chini, akaona kwa mara ya kwanza mabega yalivyoshuka, akaogopa kwamba kijana hakuwa mbali sana na ukweli.

"Mama yako yupo," akasema. "Amechoka. Nimemchosha mimi." Maneno yaliyofuata yalitoka yakigongana, bila mpango, kama mbao zinazoshushwa na vibarua wenye haraka. "Gari limekufa hapa mlimani. Mimi sijafa. Nataka kufika, Yoramu. Usimsimamishe mtu mwingine mahali pangu. Nisubiri."

Ikasikika pumzi ya mtu anayejizuia kulia. Mwishowe Yoramu akauliza walikuwa kona gani, akasema wasiondoke hapo.

Alikuja na gari la kuazima, akiwa na suti yake ya siku hiyo. Hawakukumbatiana, baba na mwana, hawakuwa wamefika huko. Yoramu alimwamkia shikamoo, Zefania akaitikia marahaba kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mama akaingia nyuma, wao wakakaa mbele, wakaanza kupanda. Mwanzoni walizungumza juu ya barabara. Kisha Zefania, akitafuta la kusema, akamshukuru mwanawe kwa kuwa alikuwa akimuulizia mgongo wake kila ulipomshika. Yoramu akashangaa, akasema hakuwahi kujua kama baba anaumwa mgongo. Naye akauliza kuhusu zile baraka alizotumiwa na baba siku ya kuanza kazi, maana aliziandika na kuzitunza. Zefania akasema hakutuma baraka.

Ndipo wote wawili walipoelewa walikuwa wakiishi kwa chakula cha nani. Wakageuka kumtazama, pengine ili kumuuliza, pengine ili kumwomba msamaha. Mama Yoramu alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo umefunguka kidogo, mikono imelegea mapajani kama ya mtu aliyeshushwa mzigo. Barabara ilikuwa mbovu na gari lilimrusha huku na huku, lakini hakuamka. Na mbele yake wale wawili wakaendelea kuzungumza, mara nyingine vibaya. Wakaifukua ile habari ya randa na sahani, wakapandisha sauti, wakakosana, wakarudi, wakakosana tena, na mtu wa kuwapoozea maneno hakuwepo. Maneno yalikuwa na miiba na yaliwachoma. Ila safari hii kila mwiba ulimfikia mwenyewe, naye mwenyewe akautoa.

Giaboksi ya lile gari baadaye ilipatikana nyingine, iliyotumika, wakaifunga. Za aina ile huuzwa. Siku ile walipofika kwa wakwe, wenyeji walikuwa wameanza kuulizana. Yoramu akageuka ili amwamshe mama yake aingie kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake kutanguliza mama katika kila jambo gumu. Zefania akamshika mkono. "Mwache kwanza alale," akasema. "Twende tukapige hodi wenyewe."

Nanyi mnaonisikiliza, ambao injini zenu zinanguruma vizuri na kila mtu anazisikia: nyumbani kwenu ni nani ambaye hatalala usingizi mpaka mjifunze kusema wenyewe?