Baba Naam na Barua ya Bi Tumadhir

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa Yemen, chini ya milima, aliishi mcha Mungu aitwaye Dhakwan bin Muqbil. Kazi yake ilikuwa uandishi. Alikaa kwenye baraza ya msikiti akiwaandikia barua, mikataba ya ndoa na ushahidi wale wasiojua kushika kalamu. Mwandiko wake ulijulikana hata kwa mawali wanaotawala miji ya mbali, na ushahidi uliotiwa jina lake ulipokewa bila maswali.

Mtu huyu hakuwahi kumwambia mtu hapana. Imamu alipougua, walimwomba awaswalishe, akasema naam. Muosha maiti alipofariki, walimwomba aishike kazi ile, akasema naam. Wakulima walipogombania zamu za maji ya mfereji, walimtaka awe msuluhishi wao, na hapo pia akasema naam. Watu wakampachika jina la Baba Naam, nalo likampendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Lakini nyumbani, mkewe Bi Hunayda alimjua mtu mwingine: anayekula amesimama, anayeitikia salamu kwa mguno, anayeukasirikia mlango kwa kuwa umefungwa, kisha akaukasirikia tena kwa kuwa umeachwa wazi.

Ijumaa moja akamjia mwanamke mfumaji wa mikeka, jina lake Bi Tumadhir. Ndugu yake, Salit, alikuwa amekamatwa na askari wa wali katika mji wa juu mlimani, akituhumiwa kubomoa ukuta wa mfereji, kosa ambalo adhabu yake ni mijeledi. Ilikuwa dhuluma tupu, maana siku ile ukuta ulipobomolewa Salit alikuwa huku chini, amebeba jeneza la jirani, na watu wanne walikuwa tayari kulishuhudia hilo. Wali alikuwa ametangaza kwamba atahukumu Ijumaa itakayofuata, baada ya swala, na kwamba ataupokea ushahidi wowote wa maandishi utakaomfikia kabla ya hapo. Msafara wa kupanda mlimani ulikuwa uondoke Jumatano alfajiri.

"Sheikh, utaweza?" akauliza Bi Tumadhir. "Kama huwezi niambie tu. Yuko mwandishi mwingine kijiji cha bondeni, mwendo wa siku moja."

"Naam, inshallah," akasema Dhakwan, wala hakuinua macho. "Kabla ya Jumatano itakuwa tayari."

Jumamosi ikaishia kwenye ugomvi wa maji. Jumapili palikuwa na maziko mawili. Jumatatu, tangu jua kuchomoza hadi Alasiri, Dhakwan alikaa akiandika nasaba ya tajiri mmoja aitwaye Jabala, kwa wino wa zafarani, ili itundikwe arusini kwa binti yake. Arusi ilikuwa bado mwezi mzima. Lakini kazi ile ilikuwa tamu, na kila mpita njia alisimama kuusifu mwandiko. Jumanne Bi Tumadhir alikuja mara mbili. Mara ya pili Dhakwan alimwambia aende akapumzike, barua ataikabidhi yeye mwenyewe kwa kiongozi wa msafara alfajiri.

Alfajiri ilipofika alikuwa akimuosha maiti mwingine. Msafara ukaondoka, na Bi Tumadhir amesimama palepale njiani mpaka vumbi likatulia.

Jua lilipopanda akamkuta Dhakwan barazani, amezungukwa na watu sita, kila mmoja na lake. Dhakwan alipomwona, aibu ilimpanda kichwani ikageuka hasira kabla hajafungua kinywa.

"Unadhani mji huu una mtu mmoja tu mwenye shida?" akamkaripia. "Swala ni mimi, maiti ni mimi, maji ni mimi. Nina mikono mingapi?"

Bi Tumadhir hakupaza sauti. "Sikuja kuhesabu mikono yako, Sheikh. Ijumaa nilikuuliza kama utaweza. Ungesema hapana, ningekwenda bondeni kwa miguu yangu, na leo barua ingekuwa inapanda mlima. Sikudai barua tena. Nakudai siku tano ulizonichukulia. Ukasema inshallah na moyoni huna nia, ukalitumia jina la Mola wako kunifunga macho."

Kisha akaitazama nasaba ya Jabala, iliyokuwa imeanikwa ukutani wino ukauke. "Mababu wa Jabala wamekufa zamani. Ndugu yangu yu hai."

Dhakwan akainuka, akakwenda kwake anawaka. Alimlaani yule mwanamke njia nzima. Alipofika akaubwaga mkoba wa kalamu, kidau kikapasuka, wino ukaruka ukutani.

"Leo umemkasirikia nani?" akauliza Bi Hunayda.

"Mwanamke mmoja amenitukana mbele za watu."

"Amekuambiaje?"

Akamweleza. Bi Hunayda akaendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema, "Mume wangu, sijasikia tusi hapo. Nimesikia siku, na zote amezitaja kwa hesabu sahihi."

Naye akamkasirikia mkewe pia, akatoka.

Adhuhuri ikaingia, akasimama mbele kuswalisha. Ulimi ulikuwa unasoma, lakini moyo ulikuwa unapanga: nani atakuja Alasiri, maji ya nani yafunguliwe, jeneza lipitie wapi. Akatoa salamu katika rakaa ya tatu. Watu nyuma yake wakasema, "Subhanallah," kumkumbusha. Akageuka na macho makali kama mtu aliyeibiwa, akataka kubisha. Ndipo akaona nyuso zao, na wote walikuwa na hakika. Akasimama akaikamilisha rakaa iliyobaki, akasujudu sijda ya kusahau, na akiwa katika sijda ile hasira ikamkosa mtu wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

Baada ya salamu hakuondoka. Akasimama akawaelekea watu.

"Enyi jamaa," akasema, "mimi ni mwongo. Miaka mitatu nawaambia naam watu watano kwa saa moja, na kila siku wanne kati yao nawadanganya. Kwa uongo huo kuna mtu hana kosa, naye Ijumaa atapigwa mijeledi. Kila niliyemwahidi jambo na arudishiwe ahadi yake leo, akamtafute mwingine mapema. Mashahidi wa Salit wabaki hapa."

Kelele zikazuka. Wengine walimwonea huruma, wengi walimkasirikia, na aliyezidi wote alikuwa Jabala. "Msomi mzima unatangaza udhaifu wako msikitini? Huna haya?"

"Haya ndiyo iliyonifikisha hapa," akajibu Dhakwan. "Ningeutangaza udhaifu huu Ijumaa, leo asingekuwapo mtu wa kuogopewa mjeledi."

Akakaa, akaazima kidau, akaandika ushahidi wa wale wanne, mmoja baada ya mwingine. Katikati mtu akaja akamwinamia sikioni: neno moja tu, halitachukua muda. Dhakwan akasema, "Hapana." Neno lilimtoka zito, kama la lugha ya ugenini. Akaendelea kuandika. Kazi aliyoiahirisha siku tano ilikwisha kabla ya Alasiri.

Bi Tumadhir alikuja na mjomba wake, mmoja wa mashahidi. "Barua ataishika mjomba," akasema. "Nasi tunakwenda. Siiamini tena naam yako."

"Una haki," akasema Dhakwan, akaingia njiani pamoja nao.

Siku mbili walipanda mlima, na Bi Tumadhir hakumsemesha hata neno. Mwanzoni Dhakwan aliona anaonewa: amekiri mbele ya mji mzima, anatakiwa nini zaidi? Akamkasirikia Jabala, akawakasirikia wakulima, akalikasirikia jua. Miguu ikapasuka. Kufikia siku ya pili alikuwa amekwisha kuwakasirikia wote, na njia ilikuwa bado ndefu. Hapo akaanza kuomba toba ya kweli.

Waliingia mji wa juu watu wakiwa wamekwisha kutoka msikitini. Uwanjani mjeledi ulikuwa umeshaanza. Mjomba akapenya katikati ya askari, barua ameinyanyua juu, na wali alipouona mwandiko akaashiria wasimame. Akasoma hadi mwisho. Akaamuru Salit afunguliwe, akakiri mbele za watu kwamba hakuwa na kosa. Alikuwa amehukumiwa mijeledi themanini. Arobaini ilikuwa imekwisha kuanguka.

Dhakwan akapiga magoti kando ya mkeka aliolazwa Salit, kifudifudi, dada yake akimfuta damu. Akamweleza yote, hata habari ya zafarani hakuificha, akamwomba amsamehe.

Salit akageuza uso kumtazama. Kisha akasema, "Barua yako ni nzuri. Imechelewa mijeledi arobaini. Kusamehe leo siwezi, Sheikh, mgongo unawaka. Nami sitakuambia naam nisiyoiweza."

Dhakwan akalia, na inasemekana hakupata somo zito kuliko hilo tangu alipoketi mbele ya walimu.

Aliporudi mjini, aliwafundisha watu watatu kuosha maiti mpaka wakajua, akawarudishia wakulima usuluhishi wao, akabaki na kalamu yake na swala hadi imamu alipopona. Barazani aliweka mbele yake karatasi moja tu, kazi moja kwa wakati. Kila aliyemjia, Dhakwan alimtazama usoni, akamtajia siku ya kweli, au akamwambia siwezi, nenda kwa fulani. Jabala alitangaza kila mahali kwamba mwandishi ameingiwa na kiburi. Maneno hayo yalimchoma, na mara nyingi aliuma meno, lakini hakuongeza karatasi ya pili. Wapokezi wa kisa hiki wamehitilafiana kama Salit alikuja kumsamehe. Wengine wamesema ndiyo, wengine wamenyamaza.

Ndugu zangu, mtu anayekuuliza kama utaweza huwa amekukabidhi siku zake, na siku haina badali. Ukimwambia ukweli ataondoka na uchungu wa saa moja. Ukimpa naam ya kumfurahisha, huenda uchungu wake ukaandikwa kwenye mgongo wa mtu usiyemjua. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazoahidi kadiri ya mikono yetu.