Shindano la Moshi

Wako watu wanaoipenda kazi kwa dhati, lakini wanangoja iwajie imevaa nguo za Jumapili. Hawaigusi mpaka iwe kubwa, iwe safi, iwe ile ile waliyoiota. Wakipewa nyingine wanakunja uso, na wakati unakwenda zake. Arcade, kijana wa makazi ya Katumba karibu na mji wa Mpanda, alikuwa mtu wa namna hiyo. Namsimulia bila kumcheka sana, maana ndugu zake wa tabia ni wengi.

Arcade alikuwa mkulima wa tumbaku kwa mikono na mwandishi kwa mdomo. Kila aliyemfahamu alikwisha kuambiwa kwamba kuna kitabu kinakuja. Kitabu hicho kingeeleza jinsi baba yake, Mzee Yohani, alivyoikimbia Burundi mwaka 1972, akavuka Mto Malagarasi, na hatimaye akafika katika msitu ambao yeye na wenzake waliufyeka ukawa mashamba. Wakati wa safari hiyo Arcade alikuwa mtoto mchanga, hivyo hakukumbuka chochote. Mama yake alikwisha kufariki. Aliyebaki na safari hiyo kichwani alikuwa Mzee Yohani peke yake, na mwaka ule wa 1996 kifua kilimbana mzee hata akaacha kwenda shambani. Arcade alijua kwamba baba akiondoka kabla ya kusema, safari yote ingeondoka naye. Jambo hilo lilimkosesha raha.

Si kwamba hakujaribu. Jumapili moja alimwomba mkewe, Séverine, atengeneze pombe ya ndizi. Akauweka mtungi katikati, akatumbukiza mirija miwili, kama ilivyo desturi yao mtu anapotaka maneno mazito yasemwe. Baba na mwana wakainama, wakanywa.

"Dawe," alisema Arcade, akimwita baba yake kwa heshima ya Kirundi, "naomba unieleze maisha yako."

Mzee alifyonza, akapangusa mdomo. "Nilizaliwa, nikakimbia, nikalima. Andika."

Kisha akaurudia mrija wake. Arcade aliuliza tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, jibu likawa lile lile. Akaamua kuandika bila msaada wa mzee, lakini hakujua aanzie wapi. Aanze na vita? Mto? Msitu? Kila mwanzo aliuona mdogo mno kwa jambo kubwa kama lile, basi karatasi zikabaki nyeupe.

Mjini Mpanda, parokia moja ilikuwa na chumba cha kusomea kilichosimamiwa na Theopista, mwanamke wa Kipimbwe asiyejua kuzungusha maneno. Kwaresima ilipoanza, Theopista alibandika mlangoni tangazo la shindano la hadithi fupi. Mada ilikuwa moja kwa wote: moshi. Hadithi isizidi kurasa sita, iletwe kabla ya Pasaka, na zitakazopendeza zitachapwa katika gazeti la parokia.

Arcade alilisoma, akabetua midomo.

"Dada Theopista, moshi kweli? Moshi nao una hadithi? Mngetuachia kila mtu aandike anachotaka."

"Mwaka jana tuliwaachia," alijibu Theopista. "Tulipata hadithi mbili, na moja haikuwa na mwisho. Wewe uliniahidi ya baba yako. Iko wapi?"

"Ile ni kubwa, dada. Inataka muda."

"Sawa. Wewe muda unao. Je, baba yako anao?"

Maneno yale yalimchoma Arcade kama mwiba. Alipanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga, lakini njia nzima hadi Katumba alikuwa akijibishana na Theopista kimoyomoyo, na kila mara Theopista alimshinda.

Séverine alimpokea akiwa jikoni, macho mekundu kwa kuni. Aliposikia habari ya shindano alicheka.

"Andika basi, baba Pacifique. Mimi moshi unanitoa machozi kila siku. Wewe angalau ukupatie jina."

Arcade akakaa, akaandika. "Moshi ni adui mkubwa wa binadamu," ndivyo alivyoanza, kisha akapiga chuku kurasa mbili nzima kuhusu viwanda vya Ulaya ambavyo hajawahi kuviona hata kwenye picha. Alipomsomea mkewe, Séverine alisinzia akiwa amesimama. Arcade alizichana zile kurasa kwa hasira.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yake kwenye bani, ile nyumba ya udongo wanamokaushia tumbaku. Kuni huwaka kwenye tanuru, joto likapita ndani kwa mabomba, na moshi hutakiwa kutoka nje bila kugusa jani hata moja. Moshi ukipenya ndani, tumbaku hunuka na mnunuzi huikataa. Mzee Yohani hakuweza tena kubeba kuni, kwa hiyo aliwekewa kiti nje, kazi yake ikiwa kuangalia moshi tu. Kwa rangi na harufu yake alijua moto unakwendaje.

Arcade, mawazo yake yakiwa mbali, alisukumiza tanuruni kuni mbichi. Moshi mzito mweupe ukapanda juu ya bani. Mzee alisimama kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia.

"Toa hizo! Toa! Unataka watuone?"

Arcade alizivuta zile kuni, akazimwagia mchanga. Kisha akashangaa. Pale palikuwa na mashamba na migomba ya majirani tu.

"Dawe, nani asituone?"

Mzee Yohani alikaa tena, akatazama pembeni. Ingekuwa zamani, Arcade angedandia nafasi hiyo amwombe maisha yote, tangu kuzaliwa hadi leo. Lakini sasa alikuwa na kurasa sita na mada moja. Akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Niambie moshi tu, Dawe. Moshi wa wakati ule."

Mzee aliutazama moshi uliobaki juu ya bani. Halafu mdomo wake ukafunguka.

"Wakati ule moshi ulikuwa unaua watu. Tulikuwa porini, hakuna kuwasha moto. Ukiwasha, askari wanaona moshi, wanakuja. Tulitafuna mihogo mibichi. Watoto wanalia baridi, mnawaziba midomo. Siku tulipofika kwenye mafunjo ya Malagarasi tukafukuzwa, kila mtu na njia yake. Wewe na mama yako mkapotelea humo. Mwana wanje, mwanangu, mimi nilivuka. Nilivuka bila nyie."

Akakohoa. Arcade hakumharakisha.

"Ng'ambo nikakaa chini, nikaanza kuwalilia kama watu waliokufa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiha, hata jina sikumuuliza. Alikoka moto, akaurundikia majani mabichi, moshi ukapanda mweupe. Nikamkemea, nikamwambia zima, watatuona! Akasema, acha watuone. Wenu walioko kwenye mafunjo wajue watu wako wapi. Akaulisha ule moshi tangu asubuhi. Jua linapozama, mama yako akatokea, matope mpaka shingoni, amekubeba kichwani. Akaniambia, nimefuata moshi."

Machozi yalimtiririka Arcade, na safari hii hakuwa na kuni za kusingizia.

"Mbona hukuniambia siku zote, Dawe?"

"Uliniuliza maisha. Maisha ya mtu utayashikia wapi? Na mtu aliyevuka mto akamwacha mke wake nyuma, aanzie wapi kumwambia mwanawe? Leo umeniuliza moshi. Moshi naukumbuka."

Arcade aliandika pale pale kwenye bani, kati ya kuchochea moto na kuchochea moto. Alitaka kueleza vita yote, kurasa zikamkatalia. Alitaka kuanza na mababu, mada ikamrudisha kwenye moshi. Kila alichokitupa kilikuwa kizito kukitupa, lakini kilichobaki kilisimama imara. Alipomaliza alimsomea baba yake. Mzee Yohani alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hapo ulipoandika nililia," alisema mwishoni, "kweli nililia. Usipafute."

Hadithi ya Arcade ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliandikwa na mwalimu mmoja wa Magamba, nayo ilichekesha watu mpaka wakashika mbavu. Arcade hakuona wivu. Gazeti lilipofika Katumba, wazee wengine walianza kumjia, kila mmoja na moshi wake aliouficha miaka yote. Na Arcade alikuwa amejifunza. Hakungoja tena Theopista abandike tangazo, alijipa mada mwenyewe, ndogo ndogo: chumvi, viatu, mvua ya kwanza Katumba. Siku moja aliuliza chumvi, siku nyingine viatu, na kila alipouliza kidogo, Mzee Yohani alimjibu kwa wingi. Kitabu alichokuwa akikitangaza kikaanza kuwa na sura.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Mzee Yohani alifariki. Siku ya maziko, watu wakiwa wamejaa uwanjani, Arcade aliitwa asome wasifu wa marehemu. Alisimama, akafungua gazeti la parokia, akasoma hadithi yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Wajukuu waliomjua babu yao kama mzee wa kukohoa nje ya bani walisikia kwa mara ya kwanza alivyokaa ng'ambo ya mto akiwalilia aliowapenda. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye mafunjo yale alipaza sauti, "Ni kweli! Hata mimi niliufuata moshi ule!" Séverine alilia kwa sauti, na Arcade akasoma hadi neno la mwisho.

Angeendelea kuisubiri mada inayolingana na ndoto yake, udongo ule ungemfunika Mzee Yohani pamoja na safari yake. Hakika, mchagua jembe si mkulima.