Pimbi, Nyati na Baiskeli Iliyokataa Kona

— Hadithi inateremka!
— Iache ije!
— Inateremka na nini?
— Magurudumu mawili!
— Na breki je?
— Tutajua mbele!

Basi, palikuwa na mlima, na chini ya mlima palikuwa na kisima. Juu, katikati ya majabali, aliishi Pimbi na wanawe. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura aliyenyimwa masikio, hana mkia, hana pembe, ana macho tu.

Wanyama wa mlima ule walikuwa na desturi yao. Kila baada ya mavuno walishindana kuteremka kwa baiskeli za mbao, zile za kuchonga, breki yake kipande cha kandambili unachokikanyagia kwenye gurudumu la nyuma. Wa kwanza kufika kisimani huwa bwana wa maji kiangazi chote. Tena mzigo utakaofika nao chini ni wako. Ukimwagika njiani, ni wa atakayeuokota.

Mwaka uliopita alishinda Nyati. Akanywa, akaoga, akalala humo humo kisimani mpaka maji yakawa uji. Watoto wa Pimbi wakabaki kulamba umande kwenye mawe. Mwaka huu Pimbi alijiambia, "Nikishindwa tena, nahama. Na pimbi asiye na mlima ni panya tu."

Lakini alikijua kilichomwangusha. Baiskeli yake ilikuwa nyepesi mno. Ikigusa jiwe, inaruka. Ikigusa kokoto, inaruka. Ti-ti-ti kama panzi, mpaka ikamtupa. Kwa hiyo safari hii alifunga jiwe dogo chini kabisa, kati ya magurudumu, karibu na ardhi.

Siku ya mashindano Nyati akaliona, akacheka mpaka pembe zikatikisika.

"We mtani! Umetaga?"

"Huo ni uzito, mtani. Baiskeli nzito haitupwi na mawe. Umesahau nilivyorushwa?"

"Nisahau? Ulipaa, Kunguru akakupisha!"

"Basi ndiyo hivyo. Uzito unashika njia."

Pimbi hakusema uongo. Alisema nusu, nusu akaimeza.

Nyati akayatazama mavuno yote ya mlimani. Mate yakamtoka.

"Kama kajiwe kanakufaa wewe, mimi nikibeba mkungu wa ndizi?"

"Hutatikisika, mtani."

"Nikiongeza gunia la viazi?"

"Ongeza, mtani."

"Na maboga?"

"Ongeza, mtani! Au unamwachia nani?"

"Nifunge wapi?"

"Juu ya usukani, uwe unayaona. Mlima huu una wezi."

Nyati akafunga. Pimbi akamsaidia kukaza kamba, maana alikuwa jirani mwema. Walipomaliza, Nyati alikuwa akiichungulia njia kati ya maboga mawili.

Kunguru akalia, "Kwaa!"

Wakaachia.

Mwanzo wa mlima ni mawe matupu, na njia imenyooka. Baiskeli ya Nyati ikaenda gudu-gudu-gudu, haitikisiki. Baiskeli ya Pimbi ikaenda kri-kri-kri, haitupwi, lakini haifikii. Nyati akapita kama mlango uliong'oka.

"Kwaheri, mtani! Nitakuwekea matope!"

Pimbi akala vumbi. Moyo ukampiga du-du-du. Akilini akawaona wanawe wakilamba mawe tena. "Njia, pinda," akanong'ona. "Pinda, mama, pinda."

Njia ikapinda.

Kona ya kwanza. Pimbi akalala upande, baiskeli ikalala naye, swii, wakatoka. Nyati akavuta usukani. Mzigo ukavuta kwake. Akapita kwa bahati, boga likaanguka, puu!

Kona ya pili. Pimbi, swii. Nyati akakanyaga breki. Kandambili ikalia kwiiii, ikatoa moshi, ikanuka, ikaisha. Viazi vikamwagika, poro-poro-poro.

Kona ya tatu.

"Kata kona!" Nyati akaifokea baiskeli yake. "Kata, nakwambia!"

Baiskeli haikukata. Ilikuwa na ndizi, ilikuwa na maboga, ilikuwa na haraka. Ikaenda mbele pale njia ilipokwenda kushoto, ikaingia moja kwa moja kwenye upupu. Kishindo, kimya, halafu: kwaru-kwaru-kwaru. Nyati anajikuna.

Pimbi akafika kisimani mbele ya macho ya Kobe, mwamuzi, aliyeanza kuteremka tangu wakati wa palizi ili awahi. Na nyuma ya Pimbi yakafika maboga yanabingirika yenyewe, na viazi, na ndizi. Watoto wa Pimbi, waliokuwa wakisubiri chini na vikapu, wakaokota, wakaokota, wakachoka kuokota.

Jioni Nyati akaja, amevimba macho.

"Mtani, maji."

"Yapo, mtani. Kila mtu atakunywa. Wewe utanywea ndoo, ukiwa umesimama kule."

"Lakini ulisema uzito unashika njia!"

"Nilisema. Wako umeshika ya kwake."

Basi, wanangu, funzo ni hili: msiwakataze walafi. Walafi ni watu wa kuenziwa! Mkiona jirani anajaza baiskeli, msimwambie "punguza". Msaidieni kukaza kamba, kisha mkasubiri chini na vikapu.

— Hadithi imefika?
— Imefika!
— Na Nyati?
— Bado anajikuna!