Huduma Kamili ya Mwenyekiti Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Pakawa na kikao!
— Kikao cha nini?
— Cha kupanga kikao kingine!

Kumbe mnayajua. Basi sogeeni karibu, sauti yangu leo haina nguvu. Nimeshinda chamani tangu asubuhi na miguu inawaka moto.

Hapo kale palikuwa na chama cha wanyama, Chama cha Ndugu wa Bwawa. Kila mwanachama alivaa mkanda wa ukindu begani. Mwezi ukiandama, wanakutana. Unagonga mlango mara tatu, ko! ko! ko! Unaulizwa, "Nani?" Unajibu, "Ndugu." Unaingia. Kisha kazi. Juma la kwanza, kufagia njia. Juma la pili, kuzibua chemchemi. Juma la tatu, kuwaezekea wazee. Juma la nne, kumpelekea mgonjwa kapu la maboga, mihogo na matikiti. Halafu mwezi unaandama tena, ko! ko! ko!

Katibu alikuwa Pimbi. Mnyama mdogo, mnamjua, hata kibuyuni anaenea. Njia, Pimbi. Chemchemi, Pimbi. Mapaa, Pimbi. Wengine walikuwa na udhuru.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Kazi zake zilikuwa mbili: kugonga nyundo, pu! na kuumwa. Aliumwa mara moja tu kwa mwezi, juma la nne. Kapu lilikuwa moja, na sheria ya chama ilisema mgonjwa mwenye cheo ndiye anayetangulia.

Sasa, ng'ambo ya bwawa aliishi Bi Digidigi, mjane, amevunjika mguu na ana mtoto anayenyonya. Malishoni hafiki. Mwezi wa kwanza, kapu likaenda kwa Kiboko. Mwezi wa pili, kapu likaenda kwa Kiboko. Mwezi wa tatu, maziwa ya Bi Digidigi yakaanza kukauka. Pimbi alikwenda kumtazama, akamkuta mtoto ananyonya, analia, ananyonya tena. Akarudi nyumbani. Aliona aibu kuvaa ule mkanda.

Mwezi wa nne ulipoandama, wakakutana, ko! ko! ko! Kiboko akaanza kukohoa kabla hata hajakaa. Koho! Koho!

"Ndugu zangu," akasema, "naona juma la nne nitakuwa hoi."

Pimbi akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, chama kimekukosea."

"Kimenikosea nini?"

"Unaumwa kila mwezi, nasi tunakuletea kapu. Kapu! Mtu mzima kama wewe! Hilo ni la wagonjwa wa kawaida. Mwenye cheo anastahili huduma kamili."

Kiboko akatanua masikio. "Huduma kamili?"

"Kamili. Chama kizima kwako, hadi upone."

"Na kapu?"

"Tutakuaibisha tukikuletea kapu, Mheshimiwa."

Kiboko akayaona kichwani maboga ya chama kizima yamepangwa mlangoni kwake. Hakuuliza zaidi. Akainua nyundo mwenyewe, pu! Azimio likapita. Na mnajua sheria za vyama: likishapita, halitenguliwi mpaka kikao kingine.

Juma la nne likafika. Kapu likavuka bwawa, likaenda kwa Bi Digidigi. Chama kikaenda kwa Kiboko.

Siku ya kwanza, wakaja kumpa pole. Wanachama arobaini, mmoja baada ya mwingine.

"Hodi! Pole, Mwenyekiti."

"Nishapoa."

"Umelala?"

"Sijalala."

"Mbona?"

"Si mpo ninyi?"

Akitoka mmoja, anaingia mwingine. "Hodi! Pole, Mwenyekiti." Mpaka jua likazama.

Siku ya pili, wakaja na mwarobaini. Walichemsha mapipa matatu. Gubu! gubu! gubu! Kiboko akakunja uso hadi macho yakapotea. "Na chakula?" akauliza.

"Chakula kinapunguza nguvu ya dawa," akasema Pimbi. "Mnywesheni tena, ndugu zangu." Gubu! gubu! gubu!

Siku ya tatu, wakaja kumkanda. Anayejua kukanda chamani ni mmoja tu, Nungunungu.

"Lala kifudifudi, Mwenyekiti," akasema Nungunungu kwa upole, akapanda mgongoni na miiba yake yote. Chu! chu! chu!

"Yalaa! Nimepona!"

"Umepona wapi?"

"Kote! Nimepona kote!"

"Kupona hutangazwa kikaoni," akasema Pimbi. "Ndivyo sheria inavyosema. Ndugu Nungunungu, endelea na kiuno."

Kiboko hakungoja kiuno. Aliruka, akakimbia na mkanda umemning'inia shingoni, akaitisha kikao cha dharura papo hapo. Akatangaza kwamba amepona, na kwamba maadamu yeye ni mwenyekiti, hataumwa tena. Akagonga nyundo mara mbili, pu! pu! Tangu siku hiyo kapu likamfikia Bi Digidigi kila mwezi, maziwa yakarudi, mtoto akaanza kurukaruka.

Hadithi ingeishia hapo, na mimi ningekwenda kulala. Lakini chama hakilali.

Mwezi uliofuata ukaandama. Njia, Pimbi. Chemchemi, Pimbi. Mapaa, Pimbi. Kapu, Pimbi. Siku moja adhuhuri aliweka fagio chini ili apumzike kidogo, akashindwa kulinyanyua. Hakuumwa popote. Alichoka tu, uchovu wa miaka. Akajikokota hadi kwa Bi Digidigi, maana ndiko kulikokuwa karibu, akajilaza nyuma ya mlango.

Habari zikazagaa: katibu anaumwa! Wanachama wakafurahi, maana huduma kamili ilikuwa imewanogea. "Katibu naye ana cheo!" wakasema. Wakaja wote na mapipa ya mwarobaini, Nungunungu yuko mbele anatikisa miiba.

Ko! ko! ko!

Bi Digidigi akatoka anachechemea, akasimama mlangoni na mtoto wake. Nyuma yake Pimbi alikuwa anakoroma.

"Tumekuja kumhudumia katibu," wakasema.

"Afadhali mmefika," akasema Bi Digidigi. "Katibu yumo ndani, kikao kinaendelea. Kuna ajenda kumi na moja na anatafuta wajumbe wa kamati ya vyoo. Piteni, piteni, msisimame mlangoni."

Nungunungu akakumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Kiboko akasema alikuwa anapita tu. Kufumba na kufumbua, palibaki mapipa tu.

Bi Digidigi akafunga mlango polepole. Pimbi akalala siku tatu. Hakuna aliyempa pole, hakuna aliyemkanda. Alipoamka alikuta kipande cha boga kimefunikwa kwa jani, bado cha moto, na mtoto amelala ubavuni kwake.

Nami nimeuvua mkanda wangu, mwenye kuutaka auokote. Funzo la hadithi hii ni kwamba vyama ni usumbufu mtupu, msijiunge na chochote. Na msisahau: Jumamosi tunazibua chemchemi. Mje mapema, mje na majembe.