Ukoko wa Malkia

Katika mji wa Zafarani alitawala Sultani Mundhir bin Harith, na siku aliyomzika malkia wake, mwanawe wa pekee, Ghanim, aligeuka jiwe pale pale kaburini, bila kudondosha hata chozi moja. Na jini Dahmani akatokea, urefu wake kama mnara, akasema, "Chozi lake ninalo mimi. Atakayemwombolezea malkia kwa mshororo mmoja wa kweli atalirudisha. Atakayeshindwa atakuwa jiwe naye."

Wakaja washairi wa kasri na maneno yao ya johari na yakuti, kwani ada ilikataza malkia kutajwa kwa neno lolote la watu wa kawaida, na wote kumi na wawili wakawa mawe. Wa mwisho alikuwa baba yake Kidawa, binti wa jikoni.

Kidawa akajitokeza, mikono imejaa masizi.

"Wewe msugua vyungu?" waziri akacheka. "Utamsifu kwa nini, bibie? Kwa vitunguu?"

"Namtaka baba yangu, bwana waziri."

Akaanza kama alivyozoea kumsikia baba yake: "Malkia mtukufu, johari ya wetu mji..."

Mara nyayo zikawa baridi, na jiwe likapanda hadi magotini. Maneno yale hayajapata kumliza mtu! Ndipo akamkumbuka malkia mwenyewe, jinsi alivyokuwa akishuka jikoni kwa siri, akikwangua chungu kwa kucha zake na kumlisha mwanawe. Jiwe likamfika kiunoni. Akapaza sauti:

"Mama, nani wa kunipa, ukoko ule wa chungu?"



"Ukoko! Kwa malkia!" waziri akafoka. "Mkateni ulimi!"

Askari akachomoa jambia, na mkono ukamganda hewani, kwa kuwa mwanamfalme alikuwa akilia kwa kwikwi, akiita, "Mama! Mama!" neno ambalo ada haikumruhusu kulitamka tangu azaliwe. Sultani akavua kilemba akajifunika uso. Jini akakitazama kiganja chake kitupu, akatoweka kwa kishindo, na miguu ya Kidawa ikafunguka, na washairi wakaanza kupiga chafya mmoja mmoja.

"Mwanangu," baba yake akauliza, "neno hilo umelitoa wapi?"

"Jikoni, baba."

"Nami miaka arobaini nahangaika na vitabu!"

Ada ile ikafutwa siku hiyo hiyo, na arobaini ya malkia ilipopita Ghanim akamposa Kidawa, wakaoana, wakapewa kasri na bustani na mali isiyo na kifani. Basi wewe utungaye, usiulize neno linang'aa kiasi gani. Uliza limeishi na nani, na nani amelia nalo.